Plasta ya Mpira wa Kulishia na Shavu la Mtoto Njiti: Maswali Yenu

Safari hii tumekusanya maswali yaliyotoka Tanga mjini na wilaya za jirani kuhusu plasta inayoshikilia mpira wa kulishia, ule mrija mwembamba unaopita puani au mdomoni mwa mtoto mpaka tumboni. Wanaojibu ni wauguzi wa watoto wachanga pamoja na mtaalamu wa ngozi. Kuuingiza mpira ni kazi ya mhudumu aliyefundishwa na hatutaieleza hapa. Tutakaa kwenye ngozi.

Nilijifungua wiki ya 31. Mtoto analishwa kwa mpira wa puani, na kila plasta ikibadilishwa inaondoka na ngozi. Shavu limechubuka, linang'aa na linatoa majimaji. Nimeambiwa kwa watoto njiti ni kawaida. Ni kweli? (Mama, Makorora)

Hongera kwa mtoto, na pole kwa hilo shavu. Hutokea mara nyingi, lakini si jambo la kuzoea.

Ngozi ya mtu mzima ina tabaka kati ya 10 na 20 za seli kavu juu kabisa, na hizo ndizo ngao yake. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 30 anaweza kuwa na tabaka mbili au tatu tu, na wa wiki 31 kama wako hayuko mbali na hapo. Isitoshe, nyuzi zinazoishikiza ngozi ya juu kwenye ngozi ya chini bado ni chache. Gundi ya plasta hushika ngozi ya juu kwa nguvu kuliko ngozi hiyo ilivyoshikwa na iliyo chini yake. Ukivuta, kinachoachia kwanza ni ngozi, gundi inabaki imeshika. Kwa hiyo madhara mengi hutokea wakati wa kubandua, na plasta inayobadilishwa kila siku bila sababu inaumiza kuliko ile inayokaa siku nne imetulia.

Kwa sasa shavu hilo lisiguswe tena na plasta. Mwombe muuguzi ahamishie mpira upande wa pili. Kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyopashwa moto kidogo. Kisisuguliwe, kimiminiwe tu, kisha kikaushwe kwa gozi (kitambaa laini cha kufungia vidonda) kwa kugusagusa. Kikiwa kidogo kinaweza kuachwa wazi. Kikiwa kinatoa maji mengi, kifunikwe kwa gozi yenye mafuta isiyogandana na kidonda. Usipake ile dawa ya rangi ya zambarau (GV), dawa ya meno, asali wala unga wa vidonge. Rangi ya zambarau, mbali na mengine, huficha kidonda. Muuguzi wa zamu ya usiku hataona kama kinatanuka.

Mtoto mweusi hawi mwekundu kama vitabu vinavyoonyesha. Linganisha mashavu mawili kwenye mwanga wa dirishani. Ngozi inayoanza kuumia huwa nyeusi zaidi au ya zambarau, inang'aa kama iliyovutwa, na ukiigusa kwa mgongo wa kidole ina joto au imevimba. Ukiona vipele vyenye usaha, uvimbe unaosambaa, mtoto amelegea au anakataa maziwa, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au joto lake limefika nyuzi 38 ama limeshuka chini ya 35.5, mwite daktari saa hiyo hiyo, usisubiri raundi ya asubuhi.

Kituoni kwetu tunatumia plasta nyeupe ya zinki kwa sababu ndiyo iliyopo na ndiyo inayoshika, hasa kwenye joto la kaskazi. Tumesikia kuna kitu cha kubandika chini kwanza. Naomba hatua na vipimo, na tufanye nini kisipokuwepo. (Muuguzi, Pangani)

Hili ndilo swali tulilokuwa tunalisubiri.

Kitu chenyewe ni haidrokoloidi, karatasi laini yenye gundi nzito inayobadilika kuwa ute ikikutana na unyevu. Maduka makubwa ya dawa huiuza kama plasta ya vidonda vya kulalia. Ombeni ile nyembamba inayokaribia kuonyesha ngozi, kwa sababu nene haikunjiki kwenye shavu dogo. Kazi yake hapa si kutibu kidonda. Inakaa kati ya ngozi na plasta ili plasta ibandikwe na kubanduliwa juu yake, na ngozi ipumzike. Bei yake inatisha kwa karatasi nzima, lakini karatasi ya sentimita 10 kwa 10 inatoa vipande 20 vya sentimita 2 kwa 2.5. Kwa mtoto wa kilo moja, kipande cha 1.5 kwa 2 kinatosha, na hapo karatasi inafika mbali zaidi.

Kateni vipande kabla mpira haujaingizwa, maana mtoto akishaanza kukohoa hakuna mkono wa kushika mkasi. Kila pembe iwe ya mviringo. Pembe kali ndiyo ya kwanza kunyanyuka na kushika uzi wa kofia. Futeni shavu kwa gozi na maji ya uvuguvugu, mwondoe maziwa, mate na mafuta, kisha mkaushe kabisa. Sabuni haihitajiki, na spiriti msiikaribishe: kwenye ngozi ya njiti inapenya mwilini, na ikinaswa chini ya plasta inaunguza.

Shikeni kipande kati ya viganja kwa takriban dakika moja, kwa sababu gundi yake hushika kwa joto. Kibandikeni kuanzia pembeni mwa tundu la pua kuelekea katikati ya shavu, kikae angalau sentimita 1 chini ya kope la chini, kisiguse mdomo wala nywele. Msikivute. Kilazeni, kisha mkifunike kwa kidole kwa nusu dakika.

Mpira ukishaingia na kuhakikishwa, chukueni plasta ya karatasi au ya hariri, mkate vipande viwili vya upana wa sentimita 1. Cha kwanza, urefu wa sentimita 2, kipite juu ya mpira karibu na pua, na mkibane pande zote mbili za mpira ili kiukumbatie, ndipo mbawa zake zilale juu ya haidrokoloidi. Cha pili, urefu wa sentimita 3, kizungushwe kwanza kwenye mpira wenyewe mzunguko mmoja kamili, halafu ncha zake zishuke shavuni. Hicho cha pili ndicho kinachozuia mpira kuteleza. Plasta zote ziishie milimita mbili hadi tatu ndani ya ukingo wa haidrokoloidi, bila kugusa ngozi hata kidogo. Mkimaliza, vuteni mpira taratibu: shavu lifuate, mpira usisogee ndani ya plasta. Andikeni kwenye faili namba ya sentimita inayoonekana tunduni mwa pua.

Kinachoharibika mara nyingi ni haya. Plasta ikinyooshwa wakati wa kubandika itarudi kwenye urefu wake ikiwa tayari imeshika, na itaivuta ngozi siku nzima. Malengelenge kwenye ncha za plasta yametoka hapo. Ukingo ukinyanyuka, watu hubandua vyote waanze upya. Msifanye hivyo. Kateni kijipembe kilichonyanyuka, muongeze kipande kipya juu ya cha zamani. Haidrokoloidi nayo ikae mpaka ianze kuachia yenyewe, kwa kawaida siku tatu hadi saba. Kuna pia ile dawa ya kahawia ya benzoini inayopakwa ili plasta ishike zaidi. Inashika kweli, na wakati wa kubandua inaondoka na ngozi, kwa hiyo kwa watoto wachanga isitumike.

Mpira wenyewe huchangia. Kwa kawaida mtoto wa chini ya kilo 2 huwekewa mpira wa namba 5 (namba ni kipimo cha unene), na wa kilo 2 na kuendelea namba 8. Mkiweka namba 8 kwa mtoto wa kilo na nusu kwa sababu ndiyo iliyobaki stoo, mpira ni mgumu, unajikunjua, na plasta inafanya kazi ambayo haikupewa.

Kuhusu kaskazi, plasta huachia kwa sababu ya jasho na mafuta. Mkiongeza gundi kali mnaongeza jeraha tu. Kausheni shavu vizuri zaidi na mkandamize kwa muda mrefu zaidi. Roli la plasta lisikae dirishani linakopigwa na jua. Gundi huyeyuka, hutoka pembeni na kubaki kwenye ngozi. Tena roli moja lisizunguke wodi nzima. Vipande vilivyobandikwa ukingoni mwa troli au kwenye gauni la nesi vikisubiri kutumika hubeba wadudu kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, na hii ni tabia ambayo imeota mizizi kuliko tunavyopenda kukiri.

Haidrokoloidi isipokuwepo, tumieni plasta nyembamba ya nailoni inayoonyesha, ile ya kufunikia kanula (kimrija cha dripu kinachoingia kwenye mshipa), mkiikata kwa vipimo hivyo hivyo. Nayo ikikosekana, tumieni plasta ya karatasi, mbili nyembamba badala ya moja pana, na sehemu isiyo ya lazima kushika ibandikwe pamba kidogo upande wa gundi. Zinki ikiwa ndiyo pekee inayoweza kustahimili, ipite juu ya plasta ya karatasi, isikutane na ngozi. Plasta ya silikoni ni laini kuliko zote wakati wa kubandua, lakini haishiki mpira vizuri kwenye unyevu. Msiitegemee peke yake kwa mtoto mwenye mikono mitundu.

Plasta imetoka lakini gundi nyeusi imebaki shavuni. Jirani anasema tufute kwa mafuta ya taa, mwingine anasema spiriti. (Baba, Chumbageni)

Yote mawili hapana. Mafuta ya taa huunguza ngozi ya mtoto mchanga, na mvuke wake ukiingia kifuani unaweza kumletea ugonjwa wa mapafu. Petroli na kiondoa rangi ya kucha viko kundi hilo hilo.

Loweka pamba kwenye maji ya uvuguvugu, iweke juu ya gundi dakika mbili tatu, kisha sukuma gundi kwa pamba kuelekea upande mmoja bila kusugua. Isipotoka, paka mafuta kidogo ya mgando au parafini ya maji ya dukani, subiri dakika chache, futa, kisha osha kwa maji ili mafuta yasibaki kama unatarajia kubandika plasta nyingine hapo. Mtoto anayepumulia oksijeni asipakwe mafuta ya mgando karibu na pua. Kwake tumia maji tu. Gundi kidogo iliyogoma iache, itatoka na taka za ngozi siku zijazo.

Plasta yenyewe mnapoitoa, mbinu ni ile ile ya maji. Lowesha ukingo, kunja plasta ijirudie juu yake yenyewe, uivute ikiwa imelala karibu na ngozi, na kidole cha mkono wa pili kikandamize ngozi pale hasa inapoachia. Kidole hicho kifuate plasta milimita kwa milimita. Kuivuta kwenda juu ndiko kunakochuna. Na ile imani kwamba kuvuta haraka kunapunguza maumivu iacheni kwa watu wazima.

Shikamooni. Mjukuu wangu ni njiti, yuko na mama yake wodini. Nimeleta mafuta ya nazi niliyoyakamua mwenyewe na wanja, manesi wamevikataa vyote. Sisi watoto wetu wote tumewapaka. (Bibi, Muheza)

Marahaba, Bibi, ingawa shikamoo ni zamu yetu.

Mafuta ya nazi hujakosea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema watoto waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo wanaweza kufikiriwa kupakwa mafuta mwilini, na ya nazi yanafaa. Shida ni usoni. Shavu lenye mafuta halishiki plasta. Plasta ikiteleza mpira nao unasogea, na maziwa yanaweza kuelekea mapafuni. Waulize manesi kama mtoto anaweza kupakwa miguu, mikono na mgongo, mafuta yawe masafi, kwenye chupa yake iliyofunikwa, kwa mikono iliyooshwa, bila kuchanganywa na karafuu wala mdalasini. Uso uachwe.

Wanja hapo hatuko upande wako, utusamehe. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, na hayo yana sumu kwa ubongo wa mtoto. Tena ukipakwa usoni hushuka na jasho mpaka chini ya plasta.

Mwanangu alitolewa mpira, kidonda kimepona, lakini pamebaki doa jeupe shavuni lenye umbo la plasta kabisa. Litaisha? (Mama, Ngamiani)

Kwa kawaida litaisha. Ngozi mpya hutangulia, rangi hufuata baada ya wiki au miezi. Mkinge na jua kali la mchana kwa kofia au kanga. Kinachotutia hofu ni krimu za kwenye vijichupa zinazouzwa kwa ajili ya "kurudisha rangi". Nyingi zina dawa kali za steroidi ambazo hupunguza unene wa ngozi, na kwa mtoto huingia mwilini. Usimpake. Doa likianza kuvimba, kunyanyuka kama kovu nene, au kutoa magamba yanayosambaa, mpeleke kliniki ya ngozi.

Plasta hazina shida kwetu, lakini watoto wawili wamepata kidonda kwenye ukingo wa tundu la pua. (Muuguzi, Tanga mjini)

Hapo kilichoumiza ni mpira wenyewe. Angalieni unavyoelekea ukitoka puani. Ukikunjwa kwenda juu na kubandikwa kwenye paji la uso, unaukandamiza ukingo wa pua saa 24, damu haipiti, na nyama inakufa. Mpira utoke ukielekea chini kisha uingie shavuni kwa mkunjo mlegevu, na muweze kuona mwanya mdogo kati yake na ukingo wa tundu. Kagueni kila mnapolisha, kwa tochi kama mwanga hautoshi.

Mnapobadilisha mpira, badilisheni na tundu. Mipira ya plastiki ya kawaida hukakamaa ikikaa tumboni, kwa hiyo wodi nyingi huibadilisha kati ya siku 3 na 7. Fuateni maandishi ya kwenye paketi. Mtoto anayehangaika kupumua ni bora mpira upite mdomoni, kwani watoto wachanga hupumua zaidi kwa pua. Ubaya wa mdomoni ni mate: plasta iliyo karibu na pembe ya mdomo hulowa, ngozi iliyo chini inakuwa nyeupe na laini kama ya vidole vilivyokaa majini. Hapo sogezeni plasta nje zaidi kuelekea shavuni, na haidrokoloidi mtalazimika kuibadilisha mapema.

Tumeruhusiwa kwenda nyumbani na mpira kwa sababu mtoto ana tatizo la kaakaa. Anauvuta kwa mkono. Tumfunge mikono? (Mama, Raskazone)

Usimfunge. Mvalishe soksi safi mikononi kwa vipindi, na zaidi ya hapo mbebe kifuani ngozi kwa ngozi. Mikono ikishapata mahali pa kukaa, huacha kutafuta mpira. Hakikisha shavu lenye plasta haliko upande unaolalia kifua chako, kwa sababu jasho lako litailegeza. Mpira unaobaki nje upitishe nyuma ya sikio, uushikize kwenye nguo mgongoni ukiacha ulegevu wa kutosha ageuze kichwa. Usiuache ukining'inia wala kuzunguka shingo.

Kabla ya kila mlo, tazama alama ya sentimita puani. Kama imesogea, kama plasta imeachia, au mtoto anakohoa na kubadilika rangi, usimlishe na usiurudishe ndani mwenyewe, hata kama umetoka kidogo tu. Ukiwa umechomoka nusu, bana ncha ya nje, uutoe wote taratibu, kisha mrudi hospitalini. Muuguzi ataweka mpya, avute majimaji ya tumboni na kuyapima kwa karatasi ya asidi. Jibu la 5.5 au chini yake ndilo linaloruhusu maziwa. Ile njia ya kupuliza hewa kwa sirinji na kusikiliza tumboni haitoshi, kwa sababu mlio unaweza kusikika hata mpira ukiwa umeingia kwenye njia ya hewa. Kabla hamjaondoka, ombeni vipande viwili vitatu vya haidrokoloidi vilivyokwisha kukatwa, na namba ya sentimita iandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.